Excel Kuukuu, Data Mpya

Shella ya Malindi, ambayo si Shela ya Lamu yenye vilima vya mchanga, ni mtaa wa mji mkongwe wenye misikiti, nyumba zilizobanana na ufuo wa wavuvi, na jirani yake pana hoteli na maduka yanayoishi kwa wageni. Mtaa kama huu una hesabu nyingi kuliko inavyodhaniwa. Kikundi cha usimamizi wa fuo, kile ambacho wavuvi wa Kenya hukiita BMU, hutakiwa kuweka kumbukumbu za samaki wanaoshushwa. Kliniki hujumlisha wagonjwa wake kila mwezi. Hoteli huhesabu vyumba, madrasa huhesabu ada, na chama cha akina mama huhesabu michango iliyoingia kwa M-Pesa. Karibu hesabu zote hizo huishia kwenye lahajedwali, na kwa watu wengi lahajedwali ni Excel, ya mwaka wowote ule. Karani mmoja ana Excel ya 2007 iliyokuja na kompyuta ya mtumba, mwenzake ana ya 2016, mkubwa wao analipia Microsoft 365 kila mwaka, na mweka hazina analifungua faili lile lile kwa WPS Office kwenye simu. Namba ziingieje katika faili hilo kutoka pale zilipozaliwa, ikiwa wanaolifungua hawana programu ya toleo moja?

Kwa kawaida huingia kwa kunakiliwa. Mtu hufungua taarifa mahali fulani, huikopi, huibandika, kisha hutuma faili kwa WhatsApp au hulibeba kwenye flashi. Njia ya pili ni kuunganisha: unaliambia lahajedwali mara moja kwamba data iko mahali fulani, katika umbo fulani, na kwamba kila itakapotakiwa liende likaivute lenyewe. Nakala ni picha ya mizani, inaonyesha uzito wa saa ile iliyopigwa na haina habari ya samaki aliyeongezwa baadaye. Dai langu ni kwamba hata mahali penye kompyuta kuukuu na intaneti ya kusuasua, kuunganisha ni bora kuliko kunakili, ila kwa sharti moja ambalo mafundi wengi hulisahau: kiungo kitengenezwe kwa kiwango cha toleo la zamani zaidi litakalokitumia, na si kwa kiwango cha kompyuta ya yule anayekitengeneza.

Ili sharti hilo lieleweke, ni lazima kujua kiungo kimebeba nini. Faili la Excel lililounganishwa na chanzo cha nje lina vitu viwili ndani yake. Kuna namba zilizovutwa mara ya mwisho, ambazo zimehifadhiwa kwenye seli kama namba nyingine yoyote, na kuna maagizo yaliyofichika: chanzo kiko wapi, kinafikiwa kwa draiva gani, kwa jina na nenosiri la nani, ni safu zipi zichukuliwe, na kila safu isomwe kama nini, iwe tarehe, namba au maandishi. Toleo la zamani likifungua faili lililotengenezwa na toleo jipya, namba huonekana vizuri kabisa, lakini maagizo hayatekelezeki. Hakuna kinachopiga kelele mpaka mtu ajaribu kuvuta data upya, na wengi hawajaribu. Msomaji wa Excel ya 2007 anaona jedwali zuri lenye rangi na jumla, anadhani ni la leo, kumbe ni la siku ambayo mwenye kompyuta mpya alilihifadhi. Hii ndiyo hatari kubwa ya kuchanganya matoleo. Kosa linaloonekana ni dogo mbele ya jedwali lililokufa ambalo bado lina sura ya uhai.

Tofauti hizi za matoleo zina historia, na historia yenyewe si ndefu. Lahajedwali la kwanza la kompyuta ndogo, VisiCalc la Dan Bricklin na Bob Frankston, lilitoka mwaka 1979, na namba zake ziliingizwa kwa vidole. Lotus 1-2-3 ikafuata mwaka 1983, Excel ya Macintosh mwaka 1985 na ya Windows mwaka 1987. Mlango wa kufikia data ya nje ulipanuka mwaka 1992, Microsoft ilipotoa utaratibu wa ODBC, ambao huiwezesha programu moja kuzungumza na hifadhidata za aina nyingi mradi kila hifadhidata iwe na draiva yake. Excel za miaka ya tisini zilitumia utaratibu huo kupitia Microsoft Query, na Excel ya 97 ikaongeza uwezo wa kuvuta majedwali kutoka kurasa za intaneti. Mwaka 2007 sura yote ya programu ilibadilika, menyu zikageuka utepe, na faili la XLS likapisha faili la XLSX. Kisha ikaja Power Query, ambayo Excel za 2010 na 2013 ziliipata kama nyongeza ya kupakua, na kuanzia 2016 ikawa ndani ya programu yenyewe. Power Query ni chombo kizuri mno. Husafisha data, huunganisha mafaili mengi ya folda moja, hukumbuka kila hatua uliyopitia. Lakini hatua hizo zimeandikwa kwa lugha ambayo Excel ya 2007 haiijui, ya 2010 na 2013 zinaijua zikiwekewa nyongeza tu, Excel za Mac zilichelewa sana kuijua, na LibreOffice, Google Sheets na programu za simu haziitekelezi.

Upande wa pili wa historia hiyo ndio unaotufaa. Viungo vya zamani, vile vya ODBC na vya kuvuta faili la maandishi, bado vinafanya kazi kwenye Excel mpya. Microsoft imevificha tu. Mwongozo wa zamani wa kuingiza maandishi (Text Import Wizard), kwa mfano, sasa inabidi uuwashe kwenye mipangilio kabla haujaonekana kwenye menyu ya Data. Kwa hiyo njia haiko sawa pande zote mbili: kilichojengwa chini kinapanda, kilichojengwa juu hakishuki. Fundi aliyeandaa kiungo kwa Power Query kwenye Microsoft 365, akakipeleka kwenye ofisi yenye Excel ya 2007, amewapa watu picha. Angetengeneza kiungo cha kawaida kinachosoma faili la maandishi la CSV, kila mtu pale angeweza kukitumia, na yeye mwenyewe pia.

Njia moja tu ya zamani haistahili kuokolewa, nayo ni ile ya kuvuta jedwali kutoka ukurasa wa intaneti. Katika matoleo ya kale kazi hiyo ilitegemea injini ya Internet Explorer, ambayo Microsoft iliistaafisha Juni 2022, na tovuti nyingi siku hizi hudai usimbaji wa TLS 1.2 au zaidi, jambo ambalo Windows ya kale haina au haijawashiwa. Ukurasa ukigoma kufunguka ndani ya Excel ya 2003 au ya 2007, si kwamba intaneti ni mbovu. Pakua faili kwa kivinjari cha kisasa, kisha Excel isome faili hilo.

Pwani yetu imewahi kupita kwenye njia panda hii, kwa kiwango kikubwa zaidi. Mfumo wa taarifa za afya wa Kenya uliwahi kutegemea malahajedwali ya Excel yaliyojazwa wilayani na kupandishwa kwenye seva ya makao makuu. Kila wilaya ilikuwa na faili lake, na kila faili lilikuwa na mabadiliko yake madogo yasiyojulikana kwa mwingine. Lilipokuja wazo la kutumia DHIS2, programu huria iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya tisini, mpango wa kwanza ulikuwa kuweka kompyuta yenye programu hiyo katika kila wilaya na kukusanya nakala zake. Majaribio yalifanywa katika Mkoa wa Pwani mwaka 2011. Wakati huo nyaya za chini ya bahari zilikuwa zimekwisha kufika Mombasa: SEACOM ilianza kazi Julai 2009, na TEAMS, inayotuunganisha na Fujairah, mwaka huohuo. Ilibainika kwamba modemu ya mtandao wa simu ilitosha kumfikisha karani wa wilaya kwenye seva moja ya taifa, na mpango wa nakala ukaachwa. Katika mwaka huo mmoja mfumo ukaenezwa nchi nzima. Leo namba za fomu za Wizara ya Afya, MOH 705 na 711, kutoka kliniki za Malindi huingia kwenye chanzo kimoja, na mwenye ruhusa huzitoa pale kama jedwali la Excel au faili la CSV.

Huo ni ushahidi mzito kwa upande wa kuunganisha, ila usitiwe chumvi. Chanzo ni kimoja, lakini hatua ya mwisho, ile ya kutoka chanzoni hadi kwenye ripoti ya mezani, mara nyingi bado ni ya kunakili. Mtu hupakua jedwali la mwezi, hulibandika chini ya lile la mwezi uliopita, na namba za mwezi uliopita zikisahihishwa baadaye kwenye mfumo, ripoti yake haipati habari. Kusahihisha ni jambo la kila mwezi, kwa sababu kliniki huchelewa, fomu hurudishwa, tarakimu hurekebishwa. Ripoti iliyonakiliwa na ripoti iliyounganishwa zinaweza kulingana siku ya kwanza na kuachana baada ya wiki tatu. Wizara ikisema moja na kaunti ikisema jingine, watu hukimbilia kutafuta mwizi au mzembe, ilhali tofauti yote huenda ikawa ni ya tarehe mbili za kupakua.

Kilifi ina mfano mwingine unaofundisha. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, tangu mwaka 2000 kimekuwa kikiandikisha wakazi wa eneo la kilomita za mraba 891 kuzunguka hospitali ya Kilifi, watu zaidi ya robo milioni, na kuhuisha orodha hiyo kwa kupita nyumba hadi nyumba mara kwa mara. Anayelazwa hospitalini hutafutwa kwenye orodha hiyo na kutambulishwa kwa namba yake ya ukazi. Hakuna anayenakili maelezo ya kaya kwenye jalada la mgonjwa. Namba moja ndiyo inayounganisha sehemu mbili, na kila sehemu inabaki na mwenyewe. Kikundi cha ufuoni hakihitaji mitambo ya kiwango hicho, lakini kinaweza kuazima kanuni. Chombo kiwe na namba yake ya usajili, na jedwali la samaki litaje namba hiyo tu. Jina la nahodha, aina ya chombo na zana zake vikae kwenye jedwali jingine. Nahodha akibadilika, unabadilisha mstari mmoja.

Sasa nije kwenye jambo linaloharibu kazi kuliko yote, ambalo wala halihusu mtandao: namna safu inavyosomwa. Chukua tarehe. Karani wa Shella akiandika 08/01/2024 anamaanisha tarehe nane Januari, kaskazi imetulia na vyombo vinatoka. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani na hakuna anayegusa mpangilio huo. Kompyuta kama hiyo ikivuta faili la CSV husoma tarehe mosi Agosti, katikati ya kusi. Tarehe 25/01/2024 haiwezi kuisoma hivyo kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, basi huiacha kama maandishi matupu. Matokeo yake ni kwamba siku kumi na mbili za kwanza za kila mwezi hutawanyika mwaka mzima, isipokuwa ile moja ambayo siku na mwezi vina namba sawa, na siku zilizobaki hazihesabiki kwa mwezi wowote. Jumla ya kilo za mwaka inabaki sahihi, hivyo hakuna anayeshuku. Kisha mtu anachora grafu ya misimu, anaona nguru na jodari wakionekana hata Agosti, na anaanza kutafuta maelezo ya kisayansi kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Dalili iko wazi kwa anayeijua, kwani tarehe zilizoeleweka huegemea kulia mwa seli na zilizoachwa kama maandishi huegemea kushoto. Jedwali lenye tarehe zilizoegemea pande mbili ni jedwali gonjwa.

Namba za simu zina msiba wao. Sifuri ya mwanzo wa 07 hufutwa, kwa sababu Excel inaona namba ya hesabu, na sifuri ya mbele katika hesabu haina kazi. Ukiandika kwa 254, tarakimu zinakuwa kumi na mbili, na kwenye seli ya kawaida huonekana kama 2.547E+11. Namba yenye tarakimu zaidi ya kumi na tano ni balaa, kwa kuwa Excel hutunza kumi na tano tu na kugeuza zinazofuata kuwa sifuri, na ukishahifadhi hakuna kurudi. Wataalamu wakubwa wameangukia shimo hilohilo. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina kadhaa, likiwemo MARCH1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Wanasayansi waliona ni rahisi zaidi kubadilisha jina la jeni kuliko tabia ya watumiaji wa lahajedwali. Hapo mimi nasita kidogo kukubaliana nao, ingawa najua waliamua baada ya kuchoka.

Kiungo kilichoandaliwa vizuri kinatibu maradhi haya kwa sababu kinauliza swali mapema. Mwongozo ule wa zamani wa kuingiza maandishi, uliopo tangu Excel za kale, hukuruhusu kusema kwamba safu hii ni tarehe yenye mpangilio wa siku, mwezi, mwaka, na safu ile ni maandishi isiguswe. Jibu lako huhifadhiwa ndani ya kiungo na hutumika kila data inapovutwa. Anayebandika kwa mkono anapaswa kukumbuka hayo kila mwezi, na siku akiwa likizo, aliyeshika nafasi yake hajui kwamba kulikuwa na la kukumbuka.

Lakini si viungo navyo hukosea, tena kimya kimya? Hukosea, na mfano maarufu zaidi duniani ni wa kiungo, si wa mtu aliyebandika. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, Uingereza ilikosa kuripoti kwa wakati wagonjwa 15,841 wa Covid-19. Maabara zilituma mafaili ya CSV, na utaratibu wa kujiendesha wenyewe wa shirika la Public Health England uliyapakia kwenye mafaili ya XLS, umbo la Excel ya kabla ya 2007, ambalo lina mistari 65,536 tu kwa ukurasa. Mgonjwa mmoja alichukua mistari kadhaa, kikomo kikafikiwa, na waliozidi wakaachwa nje pasipo onyo. Toleo la XLSX lina mistari 1,048,576. Anayepinga viungo atasema haya ndiyo matokeo ya kuiachia mashine. Mimi nasoma kisa hicho tofauti. CSV haina kikomo cha mistari. Data ilikuwa salama chanzoni na ikakatwa ilipopitishwa kwenye umbo kuukuu lisilokuwa na ulazima wa kuwepo katikati. Pia hapakuwa na mtu wala kanuni ya kulinganisha idadi ya mistari iliyotumwa na iliyopokewa. Kwa hiyo sharti langu la kujenga kwa kiwango cha toleo la zamani linahitaji maelezo: njia ya kuvuta iwe ile ambayo toleo la zamani linaiweza, lakini data yenyewe isihifadhiwe kamwe katika umbo la toleo hilo. CSV ndiyo inayotimiza yote mawili. Na kila kiungo kiwe na seli mbili pembeni, moja ikionyesha mistari iliyoandikwa chanzoni na nyingine iliyofika.

Pingamizi ambalo vijana huanza nalo ni jepesi kutamka: tuhamie wote Google Sheets, toleo ni moja tu kwa kila mtu, hadithi imeisha. Kwa kikundi cha watu sita wenye simu nzuri na vifurushi vya intaneti visivyokatika, ushauri huo ni sahihi na sina la kuongeza. Google Sheets, iliyoanza mwaka 2006, inaweza kuvuta jedwali kutoka faili jingine au faili la CSV lililo mtandaoni kwa fomula moja. Ugumu uko kwingine. Ofisi ambayo ripoti yako inakwenda inataka faili la Excel, na faili likishapakuliwa kutoka Google kama XLSX, fomula zile za kuvuta hufa na kurudi kuwa picha. Stima ikipotea, au kifurushi kikiisha katikati ya mwezi, kinachobaki ni kile ulichokuwa umehifadhi kwenye kompyuta. Wanaosema kila mtu anunue Microsoft 365 wanajibiwa kwa namna hiyohiyo, wakiongezewa swali la nani atalipa mwaka wa pili, mradi wa wafadhili ukishafungwa. Excel ya 2007 ilinunuliwa mara moja, na bado inafunguka.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni la usalama. Faili lililounganishwa linaweza kubeba jina la mtumiaji na nenosiri la hifadhidata, na faili hilo likirushwa kwenye kundi la WhatsApp, mlango umerushwa pamoja nalo. Matoleo ambayo Microsoft imeacha kuyahudumia hayapati viraka vya usalama; ya 2007 iliachwa Oktoba 2017, ya 2010 Oktoba 2020, ya 2013 Aprili 2023, na ya 2016 na 2019 zikafuata 14 Oktoba 2025. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inaweka wajibu kwa anayeshika taarifa za watu, na haitofautishi hospitali kubwa na kliniki ya mtaani. Yote haya ni kweli. Lakini tazama pingamizi linaelekea wapi. Nakala iliyobandikwa yenye majina ya wagonjwa au namba za simu za wanachama huvuja vilevile, tena haifutiki, kwani kila aliyeipokea anayo. Dawa ni kuchagua kipi kiunganishwe. Kompyuta ya toleo lisilohudumiwa isiunganishwe kabisa na hifadhidata yenye majina. Ipewe faili la CSV lenye jumla tu, kilo kwa siku, wagonjwa kwa mwezi, na ivute hilo. Mwenye ruhusa ya kuona majina awe na akaunti ya kusoma tu, asiyeweza kufuta wala kuandika. Na ikibidi Excel iulize nenosiri kila mara badala ya kulihifadhi, usumbufu huo ni wa sekunde chache.

Kwa BMU ya ufuo kama wa Shella, nikikusanya hayo yote, mpangilio unaonijia ni wa kawaida kabisa. Daftari la karani linabaki, kwa sababu halihitaji chaji. Kutoka daftarini namba zinaingizwa kwenye faili moja tu, lenye vichwa vya safu visivyobadilika: tarehe, namba ya chombo, samaki, zana, kilo, bei. Mstari mmoja kwa samaki wa aina moja wa chombo kimoja, bila seli zilizounganishwa, bila rangi zenye maana, bila jumla katikati. Karani aandike changu, tafi, pweza na kolekole kwa tahajia moja kutoka orodha, kwa sababu lahajedwali halijui kwamba Changu na Changuu ni samaki mmoja. Faili hilo likihifadhiwa kama CSV, ndilo chanzo. Ripoti ya kikundi, ya kaunti, ya mnunuzi, ya mtafiti, kila moja ni faili jingine linalovuta kutoka hapo, na hakuna anayeandika ndani ya ripoti. Anayemiliki Excel mpya ana uhuru wa kutumia Power Query kwa uchambuzi wake, mradi anachowarudishia wenzake kiwe kinafunguka na kuvutika kwenye mashine zao.

Hata mpangilio huu una mahali pake pa kukatika, na ni vyema pajulikane. Kiungo hukumbuka anwani kamili ya faili, na flashi iliyoitwa E kwenye kompyuta moja huitwa F kwenye nyingine. Excel za tangu zamani zina chaguo la kuuliza jina la faili kila data inapovutwa. Liwashwe, karani ataonyesha mwenyewe faili liko wapi. Draiva za hifadhidata huja kwa biti 32 au 64, na Excel ya biti 64 haisomi draiva ya biti 32 hata zikiwa kwenye kompyuta moja. Hilo ndilo hufanya kiungo kilichofanya kazi miaka mitano kigome siku Office mpya inapowekwa, kwa kuwa tangu 2019 Office hujiweka kwa biti 64 usipochagua. Faili la CSV halina draiva, na hapo tena ndipo linapopata ushindi wake mdogo. Taarifa za M-Pesa, zinazotumwa kwa barua pepe kama PDF iliyofungwa kwa msimbo, ni mtihani: uwezo wa kusoma PDF umo kwenye Excel za karibuni tu, na hizo nazo zinahitaji faili liwe limefunguliwa kwanza. Chama chenye kompyuta kuukuu kitalazimika kuendelea kuandika miamala kwa mkono, na sioni njia ya mkato iliyo salama.

Kinachobaki ni cha watu. Siku moja mtu atataka safu ya zana iitwe vifaa, au atagawa safu ya samaki iwe mbili, na ripoti zinazotafuta safu kwa jina, kama za Power Query, zitasimama asubuhi yake zikilalamika kwamba hazioni safu. Kusimama huko ni kuzuri, kwani ripoti iliyosimama inampeleka mtu kuuliza, na iliyonakiliwa isingejua lolote. Ila yule anayeuliza lazima awe na wa kumuuliza. BMU huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina kwa mujibu wa kanuni zake. Katika nyingi hakuna aliyetajwa kuwa ndiye mwenye faili, na kwa hiyo yeyote anayelishika ndiye anayelibadilisha. Jina hilo likiandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na makubaliano kwamba kichwa cha safu hakibadilishwi katikati ya mwaka, Excel ya 2007 na ya leo zitavuta kutoka chanzo kimoja bila ugomvi.